Sumu Haina Macho

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunawajia na kosa letu wenyewe, kwa kutaraji kwamba kulisema kutamkinga mwingine asilitende.

Hapa Jego, baina ya mashamba ya mpunga na minazi, kuku ni akiba ya nyumba. Mgeni akibisha hodi ghafla, mtoto akitakiwa madaftari, au mgonjwa akihitaji nauli ya kwenda Msambweni, kuku ndiye anayetoka kwanza. Kwa hiyo msimu wa vuli uliopita, tulipopoteza kuku tisa kwa majuma matatu, hasira ilitupanda. Asubuhi tulikuta manyoya chini ya mkorosho, siku nyingine kichwa peke yake. Baadhi ya majirani walisema ni mbweha, wengine ngawa, wengine kanu. Sisi hatukutaka kumjua ni nani. Tulitaka afe.

Tukapata punje za dawa ya wadudu, zimefungwa katika karatasi isiyo na jina. Tukazitia katika matumbo ya kuku, tukayaweka nyuma ya banda baada ya Isha, tukalala usingizi mzuri.

Alfajiri, tukielekea msikitini, tulimkuta bundi amelala chini, mbawa amezitandaza. Alikuwa bundi wa siku zote, mkaa juu ya mnazi wetu. Huenda alikula panya aliyeionja nyama ile. Tunaona haya kusema kwamba hatukuhuzunika, kwa kuwa watu wetu wamezoea kumhesabu bundi ndege wa nuksi, ingawa Mtume (s.a.w.) alikwisha kuibatilisha itikadi hiyo, nasi tumeisomesha miaka mingi.

Adhuhuri zikaja habari kwamba paka wa jirani yetu, mama mjane, amekufa akitoa povu. Watu wakasema ni nyoka. Nasi tukaenda kumpa pole, tukanyamaza. Usiku wa pili yake kuku mwingine akachukuliwa. Mwizi alikuwa mzima.

Siku nne tulikaa na siri hiyo. Siku ya tano darasa la watoto likafika kwenye hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tukaifupisha, tukawaruhusu watoto mapema, tukaenda moja kwa moja kwa jirani.

Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maalim, paka nimewasamehe. Lakini mjukuu wangu ndiye aliyemkuta. Alimbeba kifuani mpaka mlangoni, kisha akaenda kula mabuyu kwa mikono ileile. Huyo mngenilipa kwa nini?"

Hatukuwa na jawabu. Mtoto, alhamdulillahi, hakudhurika. Jioni ile tulirudi nyuma ya banda na jembe. Mabaki ya nyama tuliyaokota kwa jani la mgomba, tukayafukia mbali na kisima, tukamzika bundi pia.

Huenda msomaji akasema: je, Mtume (s.a.w.) hakuruhusu kuuawa wanyama watano wenye kudhuru, hata ndani ya Haram? Naam, aliruhusu. Lakini ruhusa ile ni juu ya mdhuru anayejulikana, na mwenye kumwua anamwona. Sumu haina macho. Haimjui mwizi wala paka wa mjane, na anayeiweka halafu akalala amemkabidhi hukumu asiyeweza kuhukumu. Mafakihi wametufundisha kwamba madhara huondolewa, na wakatufundisha papo hapo kwamba hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Wala si Jego pekee. Mwezi wa Desemba 2015, huko Maasai Mara, mzoga wa ng'ombe ulitiwa sumu kwa kulipiza mifugo iliyoliwa. Simba waliojulikana ulimwenguni kwa vipindi vya televisheni walikufa, na tumbusi waliokuja kula wakafa pamoja nao. Kabla ya hapo, mwaka 2009, dawa ya karbofurani ilianza kuondolewa katika maduka ya Kenya baada ya kelele nyingi kwamba iliyotengenezwa kwa ajili ya wadudu wa mimea ilikuwa ikitumiwa kuua simba.

Basi tukaanza upya, kwa kumjua mwizi. Mzee mmoja mkulima alitufunza kusoma alama. Nguchiro huja mchana, na mayai humpendeza. Ngawa, ambaye wazee wetu walimthamini kwa zabadi yake, hutembea chini usiku na huacha kinyesi mahali pamoja. Kanu hupanda. Tukainua macho, tukaona baina ya ukuta na makuti upenyo usiozidi ngumi. Hapo palikuwa na manyoya ya kijivu. Kuku tisa, na mlango wa mwizi tuliuacha wazi sisi wenyewe.

Tulikumbuka hukumu tuliyoisoma ujanani: kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo wabebe dhamana ya kinachoharibiwa na mifugo yao usiku. Usiku una mlinzi wake, naye ni mwenye mali. Kanu hana sheria, hana mufti. Sisi tunayo.

Banda sasa limeinuliwa juu ya nguzo za mkilifi. Chini ya makuti tumepigilia wavu wa waya wenye matundu madogo, na wavu mwingine umezikwa ardhini futi moja kuzunguka, asije mchimbaji. Kuku huingia kabla ya adhana ya Magharibi, na mlango una komeo. Matumbo ya samaki na mabaki ya chakula hayatupwi tena uani, kwani ndiyo yaliyokuwa yakimwita mgeni. Tangu hapo hatujapoteza kuku usiku. Ikitokea mnyama mkubwa zaidi, au mwenye dalili za kichaa, tumekubaliana kuwaita watu wa Huduma ya Wanyamapori, KWS, badala ya kujitafutia dawa.

Jirani tulimpelekea kuku watatu. Alipokea wawili, mmoja akaurudisha mkono wetu nao, akisema huyo ni wa sadaka kwa ajili ya bundi. Hatukujua kama alikuwa akitania.

Mnazi bado hauna mkaaji, na mwaka huu panya wameshuka kwenye mpunga wetu mapema. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na awahifadhi watoto wetu na yale tunayoyaweka gizani. Wabillahi tawfiq.