Hata Mazoezi Yataka Mwalimu

Tunawaandikia kutoka Bondo, karibu na Ziwa Viktoria, ambako Waislamu ni wachache na swali la dini halichelewi kufika mlangoni kwetu. Mwaka huu akina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wametuletea suala moja kupitia kwa ahali yetu: je, yajuzu kuswali juu ya kiti? Wa kwanza mgongo haumruhusu kurukuu, wa pili bega halimpi kuinua mikono kwa takbira, wa tatu goti lamzuia kusujudu. Jawabu lake ni jepesi, kwani asiyeweza kusimama huswali ameketi, na sheria haimtwiki mja asichokiweza. Lakini hawa si vikongwe. Mkubwa wao hajatimiza miaka 35. Tulipouliza chanzo, wote walijibu neno moja: mazoezi.

Si mazoezi ya kutembea asubuhi. Ni yale makali ya siku hizi, yachanganyayo kunyanyua vyuma, kuruka juu ya sanduku, kuchuchumaa na kukimbia, mzunguko baada ya mzunguko, saa ikihesabu. Mashuhuri miongoni mwake ni CrossFit, iliyoasisiwa California, Marekani, mwaka 2000, na leo mifano yake imo katika jimu za miji na katika simu za mikononi. Wenyewe husema humwandaa mtu kwa kazi za maisha: kuinua, kubeba, kuvuta na kusukuma.

Hatuandiki kuyaharamisha. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda. Nasi nyumba zetu zenye biriani, mahamri na kahawa kwa haluwa zimejaa wagonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu. Mwanamke atokaye jasho kwa ajili ya afya yake anastahili dua, si kejeli.

Hata hivyo madhara yapo, na yamepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watu 386 wafanyao CrossFit. Katika muda wa miezi 6, watu 75 walikuwa wameumia, yaani karibu mmoja katika kila watano. Mabega yaliongoza, yakifuatwa na sehemu ya chini ya mgongo na magoti. Tena ilionekana kwamba palipokuwa na mwalimu wa kuwasimamia, kuumia kulipungua.

Sababu yake si fumbo. Misuli ikichoka, mgongo hujipinda, goti huingia ndani, na uzito ulioachwa na misuli huangukia viungo. Saa haiyajui hayo. Hudai mzunguko mwingine. Uchovu hauogopi hata mabingwa. Tarehe 8 Agosti 2024, Lazar Đukić, Mserbia wa miaka 28, alizama katika ziwa la Marine Creek, mjini Fort Worth, Texas, akiogelea baada ya mbio ndefu katika pambano la kwanza la mashindano ya CrossFit Games. Sisi tuishio karibu na ziwa twajua kwamba maji hayamtambui shujaa. Ikiwa hayo yalimfika bingwa hadharani, je, arukaye peke yake chumbani ana nani wa kumwambia basi?

Hapa ndipo penye jambo letu. Watatu wale hawakuumia jimu. Jimu iliyo karibu nao ni ya wanaume na wanawake pamoja, na mwalimu wake ni kijana wa kiume. Wao walichagua stara, na Inshallah wana ujira. Wakafunga mlango, wakaisimamisha simu mezani, wakamfuata mtu aliye ng'ambo. Lakini simu huonyesha, haioni. Haikuuona mgongo uliopinda, wala haikujua kwamba mmoja wao alikuwa amejifungua miezi mitatu tu nyuma.

Sisi tuliolelewa chuoni twalijua hili kwa njia nyingine. Qur'ani haipokewi kwa macho. Mtoto huketi mbele ya mwalimu, akarudishwa herufi moja mara kumi, wala hapewi juzuu ya pili ilhali ya kwanza yamtetereka. Ziwani nako lipo somo. Mwanamke abebaye karai la omena kichwani huko Usenge hakuanza na karai. Alianza utotoni na kikopo cha maji, mama yake akimrekebisha ngata na shingo. Kisha lita 5, kisha 10, ndipo 20. Na hata kwa malezi hayo, mzigo mzito wa kila siku huweza kumwachia maumivu ya mgongo. Sembuse atakaye kuyafikia hayo kwa wiki mbili!

Yapo pia mambo ambayo soni huyaficha. Mama aliyejifungua karibuni, misuli ya nyonga yake bado ni dhaifu, na akiruka huenda mkojo ukamponyoka. Wengine hudhani wameingia katika hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu. Sivyo. Anayetokwa wakati wa kuruka tu, udhu wake hutenguka. Ajitakase, abadili nguo iliyoingia najisi, atawadhe, aswali kama kawaida. Na ajue kwamba udhaifu huo watibika kwa mazoezi maalumu ya misuli hiyo. Amwone mkunga au daktari kabla ya kurudi kuruka.

La hatari zaidi ni hili: baada ya mazoezi makali, misuli ikavimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo ukawa na rangi ya kahawa. Hapo misuli imevunjika, na taka zake zinaelekea kuziumiza figo. Madaktari huiita rabdomayolisisi. Asimeze dawa ya maumivu akalala, bali aende hospitali saa ile ile. Na katika Ramadhani, mazoezi makali yasifanywe mchana mwili ukiwa na kiu. Yangoje usiku, baada ya futari na maji ya kutosha.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa misikiti na kamati za madrasa, huku ziwani na huko Pwani. Kumbi zetu huwa tupu asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Zitoeni saa mbili kwa wiki, milango ifungwe, aletwe mwalimu wa kike aliyeisomea kazi hii, naye alipwe haki yake. Waume wabaki na watoto saa hizo. Na mabinti wetu wenye vipaji wasomeshwe ualimu wa michezo na tiba ya viungo, ili kesho tusiwatafute walimu mbali. Stara ni wajibu, na kuulinda mwili ni wajibu. Si uadilifu kumwachia mwanamke achague kimojawapo.

Mwenyezi Mungu awaponye walioumia, na atujaalie afya ya kumwabudia. Wabillahi tawfiq.