Sarafu Moja, Roho Tatu

Gemu ya kwanza niliyoicheza ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa jirani yetu wa Magomeni, kaka aliyetuzidi umri kidogo, ambaye katikati ya miaka ya tisini alikigeuza chumba cha uani kuwa banda: televisheni ndogo yenye mgongo, benchi moja na mtambo mweupe wa plastiki. Kaseti ilichomekwa juu. Ikigoma, inachomolewa, inapulizwa, inarudishwa. Ulitoa shilingi ishirini, ukapata roho tatu, na zikiisha unampisha mwenzako, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama nyuma yako akikuombea ufe.

Hatukujua kwamba tulikuwa tukicheza nakala. Mitambo ile iliigwa kutoka Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, na gemu zilizokuwa ndani ya kaseti, Donkey Kong, Galaxian, Pac-Man, zilianzia kwenye makabati yenye kimo cha mtu yaliyosimamishwa katika baa na kumbi za starehe za Japani na Marekani, yakimeza sarafu. Ukali wake ulitoka huko. Mwenye kabati hakutaka ukae saa nzima kwa sarafu moja. Alitaka ufe baada ya dakika chache, tena ufe ukiamini kwamba ulibakiza kidogo tu. Kaka yetu wa Magomeni hakuwa amesomea biashara hiyo, lakini kaseti zilimfanyia kazi ileile.

Baadaye ikaja PlayStation, mabanda yakahamia kwenye mpira, ukawa unalipia mechi wala si roho. Kisha simu. Gemu za simu wanasema ni za bure, ila kila baada ya muda mfupi unatazamishwa tangazo, na ukifa unaambiwa ama usubiri ama ununue roho nyingine. Sizipendi, nasema wazi, na ndiyo maana nikaifufua laptopu yangu ya zamani ili wanangu wazicheze zile za makabati.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad T60, aina iliyotoka mwaka 2006. Niliinunua ikiwa imeshatumika, ikanibeba miaka yangu ya kwanza ya kazi, kisha ikastaafu juu ya kabati pamoja na Windows XP yake, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Nilipoiwasha mwaka huu iliunguruma, ikapata moto, ikazima. Kumbe haikuwa imekufa, ilikuwa imeziba. Mashine za enzi ile zilijengwa zikijua zitafunguliwa: chini kuna alama ndogo za kukuonyesha skrubu zipi zinashika kibodi, ukizitoa, kibodi inanyanyuka na feni unaiona hiyo hapo. Kati ya feni na vibati vya kupoozea nilikuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Nikalivuta kwa kibano, nikafuta ile dawa ya kijivu iliyokaukia juu ya prosesa, nikapaka mpya, tone dogo tu. Kariakoo nikaulizia SSD, ndogo kuliko zote alizokuwa nazo muuzaji. Alipojua ni ya mashine gani akacheka. "Bosi, si bora uongezee hela ununue simu?"

Prosesa ya T60 hii ni ya biti 32, na Linux nyingi zimeshazitupa mkono prosesa za namna hiyo. Hata Debian waliacha kuzitolea kisakinishi walipofika toleo la 13, mwaka 2025. Nikaweka antiX, ndogo, isiyo na makuu, inayoridhika na ramu ya gigabaiti moja. Juu yake nikaweka MAME.

Programu hii ilianzishwa mwaka 1997 na Mwitaliano, Nicola Salmoria, na ujanja wake ni kwamba inajifanya kabati. Pac-Man ya mwaka 1980 iliendeshwa na chipu ya Z80 yenye megahezi 3 na ushei. Laptopu yangu ina gigahezi 1.66, nguvu tele ya kuiiga chipu ile hatua kwa hatua, pamoja na ugoigoi wake. Na ugoigoi huo ni mali. Katika Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado ya mwaka 1978, wavamizi wanazidi kwenda mbio kadiri unavyowapunguza. Chipu ilikuwa inahangaika kuwachora wote. Walipopungua, ikapata nafasi ya kukimbia. Nishikado aliliona hilo, akaliacha. Mtu akija na kompyuta ya kisasa na kuiondoa kasoro hiyo, gemu imekwisha.

Tatizo lilianza kwenye namba tano. Katika MAME ukibonyeza 5 umetumbukiza sarafu, ukibonyeza 1 umeanza kucheza. Hakuna wa kukudai. Mwanangu mkubwa alipoelewa, alibonyeza tano mpaka kioo kikaandika 99 na kukataa kuongeza. Akaanza kucheza Pac-Man kama mtu mwenye roho za kumwaga, na ndivyo ilivyokuwa: anaingia katikati ya vizuka, anakufa, anaanza upya bila hata kutazama alifia wapi.

"Baba, hii inaisha lini?"

Haiishi. Pac-Man inahesabu raundi kwa baiti moja, na baiti moja mwisho wake ni 255. Raundi ya 256 nusu ya kioo inavurugika na kujaa herufi na namba, na hapo hata bingwa hana njia. Nilimweleza hayo, akaona hayamhusu, akarudi kwenye simu.

Siku iliyofuata nikaleta sheria ya banda: sarafu moja, roho tatu, kisha pisha. Mdogo wake akafa mapema, akanyanyuka bila ubishi, akasimama nyuma ya kaka yake na kuanza kumpigia kelele. Kelele zile nilizijua. Sasa wanabishana juu ya tabia za vizuka: chekundu kinakufuata mgongoni, cha pinki kinakuwahi mbele, kwa hiyo ukiwa kwenye kona usikimbie tu, tazama kwanza. Kwa sarafu 99 hakuna aliyekuwa na haja ya kujua hayo.

Kama unayo laptopu iliyolala, usimpe mnunuzi wa skrepa kabla hujaifungua feni. Faili za gemu zina wenyewe, na Namco na Capcom bado wanaziuza za kwao, lakini kwenye tovuti ya MAME zipo chache ambazo wenyewe wameruhusu zigawiwe bure; anzia hapo. Watoto waachie mishale na namba moja. Tano ibonyeze wewe.