Wakfu wa Wasio na Mali

Katika desturi za pwani yetu, mtu aliyejaliwa mali hakuhesabiwa kuwa ameitimiza haki ya mali hiyo mpaka aache nyuma yake kitu kisicho cha watoto wake. Alichimba kisima, au aliacha minazi kadhaa ili mazao yake yanunue mafuta ya taa na mikeka ya msikiti, au alimlisha mwalimu wa chuo pamoja na wanafunzi wake. Huo ndio wakfu, na sharti lake linajulikana na kila mtu: kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Hata chuo cha kale cha Qarawiyyin, katika mji wa Fes huko Moroko, husimuliwa kuwa kilianza mwaka 859 kwa urithi ambao mwanamke mmoja, Fatima al-Fihri, aliutoa wakfu. Na katika Kiswahili cha zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa mahali pa kusomea kitabu. Kwa hiyo chuo kilikuwa chetu kabla hakijaongezewa ukuu.

Imekuwaje basi kwamba leo tukichangia harusi twachanga bila kusitasita, tukichangia mazishi twachanga, lakini likitajwa jambo la chuo kikuu kila mmoja wetu hutazama pembeni, kana kwamba hiyo ni kazi ya serikali na wageni peke yao? Chuo chetu cha kwanza nchini kilifungua milango yake mwezi Oktoba mwaka 1961, kwa wanafunzi wachache wa sheria wasiofika ishirini, ndani ya jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama kile kiliishi kwa ada na michango ya wanachama wake, wengi wao wakulima ambao hawakujua kusoma. Jirani zetu wa Nairobi nao wana kisa chao: Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kumkumbuka Gandhi baada ya kuuawa kwake mwaka 1948, na mchango huo ukaunganishwa na chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956, ambacho ndicho Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1970. Na mwaka 2018 sisi tulipokea kutoka China maktaba kubwa kule Mlimani, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Tumeshukuru, na tulistahili kushukuru. Walakini rafu za vitabu laki nane huuliza swali ambalo mfadhili hawezi kulijibu kwa niaba yetu, yaani sisi tutatia nini humo?

Kwa kweli watu wetu wametoa mengi, ila hawakuandikwa katika orodha ya wafadhili kwa kuwa walichotoa hakikuwa fedha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyozaliwa mwaka 1964 kutokana na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na ambayo tangu mwaka 2009 imeunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, haikuitunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 kwa wino na karatasi tu. Kila neno la mvuvi lilitoka kinywani mwa wavuvi. Marehemu Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali kama sisi, alikaa katika Kamati ile na kuipa akili yake.

Tena yupo Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye katika karne ya kumi na tisa alimsaidia mmisionari Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka na kumweleza maana yake. Karatasi za Taylor zimo London hata leo, na diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Tukikumbuka hayo, moyo wetu huvutwa pande mbili. Bila Mwalimu Sikujua na bila kabati lile la London, yamkini tungekuwa na Muyaka wa kusimuliwa tu, mistari miwili huku na mitatu kule. Hata hivyo kijana wa Mombasa atakaye kuishika mkononi hati yenyewe ya mwalimu wa mji wake, anatakiwa kwanza awe na nauli ya ndege.

Sisi wenyewe hatukufika chuo kikuu. Elimu yetu ilikomea kidato cha nne, tukaajiriwa ukarani katika ofisi ya wilaya, na ushairi tuliusoma barazani na redioni. Lakini katika nyumba ya mama yetu, karibu na mahali ambapo mto Pangani huingia baharini, limo kasha la babu aliyekuwa mwalimu wa chuo, na ndani yake mlikuwa na miswada mitatu kwa herufi za Kiarabu. Mmoja ulikuwa utenzi ulionakiliwa na babu yake. Wa pili ulikuwa wa dawa, na wa tatu wa mashairi aliyoyatunga mwenyewe.

Mwaka 1986 alifika kijana mmoja mtafiti. Chuo chake hatutakitaja, wala msomaji asidhani kuwa lazima kilikuwa cha nchi hii. Alikaa siku tatu, akala chakula cha mama, akatusomea utenzi ule kwa sauti nzuri mpaka wazee wakalia. Alipoondoka aliuazima kwa miezi mitatu ili akaunakili, akaacha kikaratasi chenye sahihi yake. Hatukumwona tena. Barua tulizopeleka hazikujibiwa. Mama alikitia kikaratasi kile ndani ya kasha, pale pale ulipokuwa utenzi, akafunga. Majirani walipomwambia, «Basi hesabu kuwa umetoa sadaka,» alijibu, «Sadaka ina nia. Mimi niliazima.»

Jibu hilo tumelitafakari kwa miaka mingi kuliko mambo mengi tuliyoyasoma. Watu wengi wa vijiji vyetu wamefanywa wafadhili wa elimu bila ya kutia nia. Maneno yao yamechukuliwa na miswada yao imeazimwa, kisha shukrani zimeandikwa kwa aliyelipia petroli.

Miaka miwili iliyopita paa la nyumba ile lilivuja wakati wa masika, na kitabu cha mashairi kikalowa pembeni. Baada ya muda si mrefu akaja mwalimu mwingine wa chuo kikuu, mwanamke. Alimwamkia mama kwa adabu, akaeleza kuwa hakuja kuchukua kitu. Atapiga picha kila ukurasa hapo hapo barazani. Asili itabaki kasheni. Nakala moja itakuwa ya familia, nyingine ya shule ya kijiji, na jina la babu litaandikwa kuwa ndiye mtoaji. Alitoa mfano wa Lamu, ambako miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha bila kuondolewa mahali pake.

Sisi tulifurahi mno, na furaha ikatuponza. Tulianza kumhubiria mama kama tuhubirivyo katika sherehe za wilaya, kwamba urithi ni wa taifa na haufai kufungiwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, «Mwanangu, hilo taifa lilikuwa wapi paa lilipovuja?» Hatukuwa na la kusema, kwa sababu taifa lililokuwa karibu zaidi na paa lile lilikuwa ni sisi, wenye mshahara na meza ofisini.

Mwalimu yule hakututetea, naye alifanya vyema. Alisema kweli yake: kamera imenunuliwa kwa fedha za wafadhili wa nje, fungu hilo litakwisha kabla ya mwaka kwisha, na baada ya hapo hajui nauli ya kurudi kumalizia itatoka wapi. Tulipolieleza jambo hili katika chama chetu cha washairi, watu kumi na mmoja, wengi wao wastaafu, tulichanga shilingi 140,000. Ni kiasi kidogo. Fundi wa paa peke yake alikula zaidi ya hicho, na hilo tulilipa wenyewe kwa aibu. Lakini mzee mmoja mshona viatu, ambaye hajapata kukanyaga Mlimani, alitoa elfu tano na kutaka stakabadhi, akisema kuwa safari hii anataka iandikwe kwamba alitoa, wala hakuazimisha.

Siku ya kazi ilipofika, mama alitoa kitabu cha mashairi kwa mikono yake. Cha dawa alikikatalia, kwa kuwa babu aliandika humo majina ya wagonjwa na maradhi yao, na wajukuu zao ndio majirani zetu. Mwalimu alikubali mara moja, nasi tuliona kwamba kukubali kule kulimpatia heshima ambayo barua yenye mhuri isingempatia. Kurasa zilifunguliwa moja moja juu ya mkeka, zile zilizolowa zikawekewa kitambaa safi chini yake, na watoto wa jirani walizuiwa kwa tende wasikaribie mno.

Kabla ya picha ya kwanza kupigwa, mama alisema, «Ngoja, binti yangu.» Akaingia ndani, tukasikia kasha likifunguliwa tena. Alirudi na kikaratasi cha mwaka 1986, kimegeuka rangi ya chai, sahihi bado yasomeka. Akakilaza juu ya mkeka na kusema kuwa hicho ndicho kianze. Mwalimu aliinama akakipiga picha, na katika nakala zote tatu huo ndio ukurasa wa kwanza.