Staa Kazidiwa Mlimani, Kamera Ninayo Mimi

Wadau, jina silitaji, nina familia. Staa mmoja alinibeba India, kule Ladakh, nimrekodi. Ndege ikatushusha Leh, karibu mita 3,500 juu. Mwenye gesti akasihi: laleni siku mbili kwanza, mwili uzoee hewa. Staa akacheka, "Mi mtoto wa Moshi bwana!" Mlima wenyewe kauonea chini kama mimi tu.

Kesho yake safari. Thiksey, monasteri ya Wabudha iliyopanda kilima kizima, tuliipita bila kushuka. Yeye alitaka Pangong, lile ziwa la mwisho wa 3 Idiots. Njiani kuna Chang La, zaidi ya mita 5,300. Hapo akaanza kutapika, anayumba, kaniuliza jina langu mara tatu. Meneja: "We rekodi tu, ziwa liko karibu."

Na nikarekodi. Dakika mbili nzima.

Dereva hakuuliza mtu, akageuza gari. Tulivyozidi kushuka, ndivyo akili ilivyomrudia.

Ile picha ya ziwa aliyoposti, mliyojaza makopakopa, kaitoa Google. Klipu bado ninayo. Hajawahi kuniulizia.