Matumbawe ya Olkaria

Olkaria ni nchi ya mvuke. Tangu mtambo wa kwanza uanze kuzalisha umeme mwaka 1981, mvuke utokao chini ya ardhi umekuwa ukisafirishwa kwa mabomba makubwa yanayokatiza mabonde, na mgeni afikaye alfajiri huudhania ukungu. Hata hivyo, usiku wa huko ni wa baridi kali, kwani mahali penyewe pako takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni katika baridi hiyo ambapo fundi mmoja wa mabomba, mzaliwa wa Kwale, aliamua kufuga matumbawe.

Alichagua yale ya matawi, membamba kama pembe za paa, ambayo huvunjika kwa mguso na kufa kwa uzembe. Mfugaji mwenzake wa Nairobi alimpa kipande cha urefu wa kidole, naye akakigandisha juu ya jiwe ndani ya tangi la kioo la lita 300.

Kazi yenyewe ni ya maji. Maji ya Bonde la Ufa yana floridi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia; kwa hivyo sharti yachujwe kwanza, ndipo yatiwe chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai, maana haina kalisi ya kutosha. Mwenzake kazini alimshauri atumie magadi, na ushauri huo haukuwa wa kipuuzi kama ulivyosikika: magadi kweli huongeza ualkali ambao tumbawe huuhitaji ili lijenge mifupa yake. Ila nayo yana floridi. Aidha, joto halina budi kukaa nyuzi 25 au 26, taa iwake mchana kwa ajili ya mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha, na pampu isukume maji bila kukoma.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Kando ya mabomba ya mvuke, tangi likaanza kupoa. Alilizungushia blanketi mbili, kisha akakesha akiteka maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa, kwa kuwa ukosefu wa hewa huua mapema kuliko baridi.

Kiswahili humwita kwa jina hilohilo mnyama na jiwe, na pengine ndiyo sababu mama yake, alipopiga simu kutoka pwani, alishangaa.

"Mwanangu, mawe aliyochomea babu yako chokaa, wewe unayafunika blanketi?"

"Yako hai, mama."

"Hata yale yalikuwa hai," akajibu, akanyamaza.

Siku ya tatu nyama ilianza kubanduka kutoka shinani kwenda juu, ikiacha mifupa mieupe. Alichukua koleo, akakata ncha tatu zilizokuwa bado nzima, akazigandisha kwenye mawe mapya. Mbili zilikufa. Ya tatu ilikawia, kisha ikatandaza ukingo mwembamba wa nyama juu ya gundi, dalili kwamba imeshika.

Umeme ulipokatika tena tarehe 10 Desemba, blanketi zilikuwa zimekunjwa kando ya tangi, na kopo juu yake.