Jina Nililolikata

Nilijua. Hilo ndilo linalonisuta. Ningekuwa sijui, ningesingizia haraka ya kazi na mhariri angenielewa. Lakini nilipoandika makala yangu kuhusu shimo la 17 la uwanja wa gofu wa TPC Sawgrass, Florida, lile ambalo grini yake, eneo la nyasi fupi lenye tundu la kutumbukizia mpira, imezungukwa na maji, habari za Alice Dye nilikuwa nimeshazisoma, na rasimu ya kwanza ilimtaja. Nikamkata. Sentensi yenye majina mawili ilikuwa inachechemea. “Pete Dye alibuni” ilisomeka vizuri zaidi.

Uwanja ule, uliofunguliwa 1980, umejengwa juu ya kinamasi. Ili kuinua njia za kuchezea, Pete alihitaji mchanga, na mchanga mzuri ulikuwa karibu na shimo la 17. Matingatinga yakachimba wee, mpaka pale palipokusudiwa bwawa dogo la pembeni pakawa bonde tupu, na pa kuweka grini hapaonekani. Mkewe Alice ndiye aliyesema basi, iwe kisiwa. Pete alipotaka upande wa nyuma wa grini uinamie majini, Alice akamkatalia: mashindano yangekwama papo hapo, kundi la kwanza likizamisha mipira huku wengine wakisubiri. Huyu hakuwa mke aliyepita kumletea mumewe chakula kazini. Alishinda ubingwa wa Marekani wa wanawake wakongwe wa ridhaa 1978 na 1979, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha wabunifu wa viwanja vya gofu cha nchi hiyo.

Pete mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba wazo ni la Alice. Mimi ndiye niliyelificha jina la Alice, wala Pete hakunituma.

Msomaji mmoja aliponikosoa, nikaharibu tena. Kwa aibu niliandika kwamba shimo lile ni la Alice, Pete alichimba tu. Uongo wa pili, na huu nao ulisomeka vizuri. Klabu jirani ya Ponte Vedra ilikuwa na grini yake ya kisiwani miaka mingi kabla, kazi ya Herbert Strong. Halafu wazo peke yake halichezewi gofu: lazima awepo wa kupima ardhi, wa kumwaga mchanga, wa kuzuia kingo zisimomonyoke, na kazi hiyo Pete aliijua kuliko wengi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mfano wa kufuata nilikuwa nao. Alister MacKenzie ndiye mbunifu wa Cypress Point, California, uwanja uliofunguliwa 1928, na shimo lake la 16, ambapo mpira hupigwa kuvuka bahari, limepigwa picha kuliko mashimo mengi duniani. MacKenzie aliandika kwamba sifa ya shimo hilo si yake. Seth Raynor, aliyepewa kazi hiyo kabla yake na akafariki 1926, aliona mwendo wa kuvuka maji ni mrefu mno. Marion Hollins, mwanamke aliyeusimamia mradi, akaweka mpira chini, akaupiga hadi ng’ambo, mahali ilipo grini leo. MacKenzie angenyamaza, nani angemuuliza? Mimi, ambaye sifa haikuwa yangu hata chembe, nilishindwa kuacha nafasi ya maneno mawili.