Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango; fungua uingie ndani. Methali hii husemwa sana juu ya watu, kwamba uso mzuri si dalili ya moyo mzuri. Lakini yafaa pia ichukuliwe kwa maana yake ya kwanza, yaani juu ya nyumba yenyewe. Kwa kuwa ziko nyumba nyingi ambazo mlango wake wang'aa, na chumba cha wageni kimepambwa kwa vitambaa, na huku nyuma jikoni ni giza tupu, kuta zimekuwa nyeusi kwa masizi, na mama mwenye nyumba hupika akifuta machozi. Mgeni akifika husifu, naye hajui lolote. Lakini wenyeji wanajua.

Basi mtu atakaye kuitengeneza nyumba yake ipendeze, na ajiulize kwanza: Ni nani akaaye zaidi ndani yake, naye hukaa wapi? Mgeni huja kwa saa moja, akaenda zake. Mpishi hukaa jikoni asubuhi na jioni, kila siku ya mwaka. Mtoto asomaye huketi mahali pale pale usiku baada ya usiku. Mzee asiyejiweza hulala katika chumba kimoja mchana kutwa. Kazi ya kuipamba nyumba ikianzia kwa hawa, haitapotea bure.

Wengi hudhani ya kuwa kazi hii yataka fedha nyingi. Wako watu waliokopa ili wanunue makochi makubwa, wakayatia katika chumba kidogo hata pasiwe na nafasi ya kupita mtu. Makochi yalipochakaa, deni lilikuwa halijalipwa bado. Ukweli ni kwamba mambo yaletayo nuru na raha nyumbani, mengi yake hayauzwi dukani. Yataka mikono, maji, na kufikiri kidogo.

Jambo la kwanza ni kutoa, wala si kutia. Siku ya jua kali, vitu vyote vya chumba na vitolewe nje: godoro na mikeka ianikwe, masanduku yafunguliwe, na sakafu ifagiwe mpaka pembeni. Kisha vitu vigawanywe mafungu matatu: vitumikavyo, viwezavyo kutengenezwa, na visivyofaa tena. Fungu la tatu lisirudi ndani. Viatu vibovu, makopo yenye kutu na magunia matupu ndiyo maficho ya panya, mende na nge. Mara nyingi mtu hulalamika kwamba chumba chake ni kidogo, kumbe nusu ya chumba imekaliwa na vitu ambavyo hajavigusa tangu mwaka juzi.

Jambo la pili ni mwanga na hewa. Chumba chenye dirisha moja hewa yake husimama kama maji ya dimbwi. Lakini kikiwa na matundu mawili yanayoelekeana, upepo huingia huku na kutokea huku. Tena hewa yenye moto hupanda juu. Kwa hiyo jiko lililo na tundu pana chini ya paa, juu ya mafiga, hutoa moshi mwingi kuliko jiko lenye mlango peke yake; na jiko lenye dohani hutoa zaidi. Hata kuni zina habari yake: kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba huwaka kwa moshi mchache, na kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto hafifu.

Neno hili si la urembo tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokayo katika moshi wa kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa. Na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka 5. Walioathirika zaidi ni wale wakaao karibu na moto, yaani wanawake, na watoto wachanga wabebwao mgongoni. Makaa nayo yasimdanganye mtu kwa kukosa moshi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu akilala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, huenda asiamke. Ndiyo sababu fundi akitobolewa shauri la kutoboa dirisha moja tu katika nyumba nzima, heri alitoboe jikoni.

Jambo la tatu ni chokaa. Katika pwani ya Afrika Mashariki watu wameijua tangu karne nyingi. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa kwa moto mkali. Moto huifukuza hewa ya kaboni dioksaidi iliyomo ndani ya jiwe, na kinachobaki ni chokaa isiyozimwa. Hiyo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuwa unga laini. Ikisha kupakwa ukutani, chokaa hunywa tena ile hewa kidogo kidogo kutoka angani, hata ikawa ngumu. Kwa hiyo ukuta uliopakwa chokaa ni ukuta uliovikwa jiwe jembamba jeupe.

Apakaye chokaa na achague ile iliyokwisha kuzimwa, ailoweke usiku kucha, aichuje kwa kitambaa, na kuichanganya na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Wengine hutia chumvi kidogo ili ishike vizuri. Ukuta upigwe ufagio kwanza, kisha unyunyiziwe maji, ndipo upakwe. Na kupaka mara tatu kwa wepesi ni bora kuliko kupaka mara moja kwa uzito, maana tabaka nene hupasuka na kubanduka. Walakini chokaa huunguza ngozi na macho, basi kazi hii isiachiwe watoto wadogo, na apakaye afunike macho yake na kunawa mikono mara kwa mara. Kazi ikiisha, faida yake huonekana siku ile ile: ukuta mweusi humeza mwanga, na ukuta mweupe huurudisha. Taa ndogo katika chumba cheupe hutosha kusomea, na katika chumba cheusi taa ile ile haitoshi. Tena kuvu haipendi chokaa.

Mafundi wa kale wa Lamu waliyajua mambo haya yote, nao walikuwa na shida ambayo haikuwa na dawa. Dari za nyumba zao za mawe zilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti hizo ni fupi. Kwa hiyo upana wa chumba haukuweza kuzidi mita 3 hivi. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na mwanga uliingia kutoka upande mmoja tu, katika kiwanda kisicho na paa kilichokuwa ndani ya nyumba. Wajinga wangalisema, hapa haiwezekani kufanya zuri. Wao walivipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiinuka kidogo kuliko kile cha mbele yake, hata mtu aliyesimama kiwandani akaona ndani mpaka mwisho. Kuta wakazisiriba kwa chokaa nyeupe, ili mwanga ufike hata chumba cha nyuma kabisa.

Na katika chumba hicho cha nyuma, kiitwacho ndani, mahali pa wanawake wa nyumba, ndipo walipoweka zidaka. Hivi ni vishubaka vingi vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, vimepangwa safu juu ya safu mpaka karibu na dari, na ndani yake viliwekwa sahani na mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo. Zidaka hufanya ukuta mzito uonekane mwepesi, na chumba chembamba kionekane kina kina. Tena hutunza vyombo visikanyagwe wala kuvunjwa. Hata chooni walifikiri: katika birika la maji walitia samaki wadogo, wale mabuu ya mbu.

Na msomaji atazame mahali pambo lilipowekwa. Mgeni wa kiume alipokewa dakani, mlangoni pa nyumba, akaketi barazani. Kuta za nje zilizoelekea njia zilikuwa tupu. Fahari ya nyumba ilikuwa nyuma kabisa, kwa wale wenye kukaa humo. Iko miji iliyoweka fahari nyingi mlangoni, kama Unguja na milango yake ya mbao iliyochorwa na kutiwa misumari ya shaba. Milango ile ni mizuri, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Lakini Lamu, ambayo mji wake wa kale uliandikwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia, yafundisha ya kuwa uzuri waweza kuanzia nyuma ukaja mbele.

Huenda mtu akasema, hizo ni nyumba za mawe za matajiri, na nyumba ya udongo itapambwa kwa nini? Jibu laweza kupatikana mbali na pwani, upande wa mashariki wa Rwanda, karibu na mpaka wa Tanzania, katika nchi iliyoitwa Gisaka zamani. Huko wanawake walizoea kupamba kuta za ndani kwa kinyesi cha ng'ombe. Walikifinyanga ukutani kwa vidole, kikawa mistari iliyoinuka, yenye pembe na miraba. Kilipokauka walikipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, zilizotoka katika majivu, mimea na udongo wa nchi yao. Pambo hilo huitwa imigongo, nalo neno hilo ni ndugu wa migongo kwa Kiswahili. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wengi wa waliokuwa wakiifanya kazi hiyo waliuawa, na ufundi ulikaribia kupotea. Wanawake waliobaki walikusanyika katika ushirika wakaufufua, na leo imigongo hutengenezwa juu ya vibao na kuuzwa hata nchi za mbali. Chanzo chake kilikuwa zizini.

Mahali pa kazi nako kuna haki yake kama nyumba. Mshoni mwenye akili huiweka cherehani yake barazani au karibu na mlango, ili mwanga wa mchana uangukie sindano. Mwanafunzi aandikaye kwa mkono wa kulia na aketi hali dirisha au taa iko kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Na aandikaye kwa mkono wa kushoto afanye kinyume chake. Seremala hupigilia misumari ukutani akatundika msumeno, randa na nyundo, kisha huchora kwa mkaa umbo la kila chombo mahali pake. Jioni hutazama ukuta mara moja tu. Palipo na umbo bila chombo, ndipo panapomwambia kwamba chombo kimesahauliwa kwenye takataka za mbao au kimeazimwa na jirani. Karani naye akiondoa mezani karatasi zote isipokuwa zile za kazi iliyo mbele yake, huimaliza kazi hiyo upesi zaidi.

Yakiisha hayo, ndipo pambo liingie, nalo liwe chache. Mkeka mmoja wa ukindu uliosukwa kwa rangi mbili, na sakafu iliyofagiwa, hupendeza kuliko mikeka mitano iliyorundikwa. Kopo la mafuta likisafishwa na kutobolewa matundu chini, laweza kuota mrehani dirishani. Kipande cha kanga kilichochakaa upande mmoja chaweza kukatwa na kupindwa kiwe pazia, na jina lake lingali lasomeka. Pambo lililo moja huonekana. Yaliyo kumi hugombana.

Limebaki neno moja juu ya wafanyao kazi. Katika nyumba nyingi kufagia, kuteka maji na kusiriba sakafu ni kazi za msichana, na kaka yake hukaa barazani akingoja chakula. Lakini moshi wa jikoni ukipungua, kifua chake nacho hupona. Na taa ikimulika ukuta mweupe, naye husomea mwanga huo huo. Haki ni ashike ufagio, apande ngazi, ampokee mama yake ndoo ya chokaa. Na kwa kuwa mvua hurudi kila mwaka na masizi hurudi kila siku, kazi hii haifanywi mara moja ikaisha; hufanywa kidogo kidogo, kila mtu na siku yake.

Nyumba ikitunzwa hivyo, wenyeji hawana haja ya kuhangaika wasikiapo hodi. Hata mgeni akikosa njia, akazunguka na kuingia kwa mlango wa nyuma, hakuna atakayekimbia kumzuia. Ataambiwa karibu, naye ataketi jikoni pamoja na mpishi.